Mtoto kapelekwa nje na mzazi mwenzio: ubishe mlango upi hapa Dar?

Mzazi anayegundua kwamba mwenzake kaondoka na mtoto nje ya nchi, karibu kila mara hukimbilia polisi. Anaeleza, anaandikiwa RB, ile namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi, anaambiwa "haya mambo ya kifamilia, mama, kaeni myamalize," kisha anarudi nyumbani kusubiri simu isiyopigwa. Wiki zinakatika. Milango ya kubisha Dar ipo, tena ni mingi kuliko watu wanavyodhani, ila haifanyi kazi moja, na ukikosea ule wa kwanza unaweza kupoteza miezi. Hapa nailinganisha, na nitasema wazi upi ningeanza nao na upi nisingeugusa.

Habari mbaya kwanza

Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu watoto walioondolewa na mzazi. Ni mkataba mzuri. Mtoto wa chini ya miaka 16 akitolewa nchi moja mwanachama kwenda nyingine, mahakama ya kule haiulizi nani ni mzazi bora. Inauliza mtoto alikuwa akiishi wapi na kama aliondolewa kinyume cha haki ya mzazi aliyebaki. Jibu likiwa ndiyo, mtoto anarudishwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na kesi ya malezi inasikilizwa nyumbani. Mahakama inatakiwa kujitahidi imalize ndani ya wiki 6.

Tanzania si mwanachama. Hata Kenya si mwanachama, wala Oman, Falme za Kiarabu na Uhindi, ambako watoto wengi wa Dar wana ndugu. Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini na Mauritius wamo, lakini hilo halikusaidii, kwa sababu mkataba hufanya kazi pale tu nchi zote mbili zimo. Kwa hiyo ule ushauri wa "wasiliana na mamlaka kuu ya nchi yako," yaani ofisi ya serikali inayosimamia mkataba huo, si wako. Wewe hutaomba mtoto arudishwe tu kisha mzungumze. Kwa kawaida itakubidi usimame mbele ya hakimu wa nchi aliko mtoto na kumshawishi kwamba ni kwa faida ya mtoto mwenyewe kurudi.

Tumefungwa na mikataba mingine miwili: ule wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, tulioridhia 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, tulioridhia 2003. Huu wa Afrika, kifungu cha 29, unakataza utekaji wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, na unawataja wazazi waziwazi. Mwambie wakili wako auweke kwenye hati ya kiapo. Peke yake haumrudishi mtoto, ila unamwondolea mwenzio ile kauli ya "mimi ni mzazi, siwezi kumteka mwanangu."

Hajaondoka, au ameshaondoka?

Kila ulinganisho unaofuata unategemea jibu la swali hili.

Kama bado yuko nchini, mlango ni mmoja: mahakama, leo. Maombi yanapelekwa chini ya hati ya dharura, na mahakama inaweza kutoa zuio la muda la kumtoa mtoto nchini hata kabla mwenzio hajasikilizwa. Ukishaipata amri, usiitie kwenye mkoba ukaenda nayo nyumbani. Ipeleke Uhamiaji Kurasini, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uombe ifike uwanja wa Julius Nyerere, gati la boti za Zanzibar, na mipakani. Basi la Namanga au Horohoro linatosha kumvusha mtoto, na Tunduma vilevile.

Kuna jambo dogo linaloharibu amri nyingi. Mahakamani mtoto ameandikwa jina analoitwa nyumbani, labda "Junior" na jina la baba. Kwenye pasipoti ana majina matatu, na la katikati ni la babu mzaa mama. Afisa wa dirishani, saa nane usiku, ndege ya Doha inaita abiria, ana kitabu kimoja mkononi na jina moja kwenye skrini. Amri iandikwe majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya pasipoti. Kama mtoto ana pasipoti mbili, namba zote mbili. Picha ya ukurasa wa mbele wa pasipoti ya mwanao iwe kwenye simu yako tangu sasa, hata kama ndoa yenu ni shwari.

Zanzibar nayo ina mambo yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Bara. Wao wana yao ya 2011, na mahakama za Kadhi zina nafasi kubwa katika malezi kwa familia za Kiislamu. Boti ni kama saa mbili tu, na kule kuna uwanja wenye ndege za moja kwa moja kwenda nje. Amri ya Dar unayotaka iheshimiwe Unguja inahitaji wakili aliyesajiliwa Zanzibar. Wa huku hasimami kule kwa leseni ya huku.

Polisi au ustawi wa jamii

Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vingi. Huko utapata RB, na RB unaihitaji, kwa hiyo nenda. Ila elewa kwa nini wanasita. Bila amri ya mahakama, nyote wawili ni wazazi wenye haki sawa, na askari hana karatasi inayomwambia nani kamchukua mtoto wa nani. Ukirudi ukiwa na amri ya malezi, mazungumzo yanabadilika, maana Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu aliyekabidhiwa malezi yake kihalali.

Kupitia polisi ndipo unapofika Interpol. Watu hujaribu kuandika moja kwa moja makao makuu yao Lyon. Hawapokei maombi ya mtu binafsi. Ni lazima yatoke ofisi ya Interpol iliyo ndani ya Jeshi la Polisi la nchi. Unachoomba ni notisi ya njano, ile ya mtu aliyepotea. Itasaidia kujua mtoto yuko wapi, haimlazimishi mtu yeyote kumkabidhi. Notisi nyekundu, ya kumkamata mzazi mwenzio, inahitaji mashitaka ya jinai na hati ya kukamatwa, na hapo mimi huwashauri watu wafikiri mara mbili. Hakimu wa ng'ambo anayepima kama mtoto arudi Dar atauliza nani atamlea ikiwa mama yake anasubiriwa na pingu pale Terminal 3. Umejifungia mlango mwenyewe.

Ustawi wa jamii hawana pingu wala rungu, na kwa sababu hiyo wengi huwapuuza. Mimi nawaweka mbele. Afisa ustawi wa halmashauri yako anaweza kuwaita wazazi kabla mambo hayajafika uwanja wa ndege, na ndiye mahakama humwagiza aandike taarifa ya uchunguzi wa kijamii: mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani humpeleka hospitali. Hiyo ndiyo karatasi ambayo jaji wa nje ataisoma kwa makini kuliko kiapo chako, kwa sababu haikuandikwa na wewe. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure na itakuunganisha nao.

Mahakama ya Watoto Kisutu au Kituo cha Familia Temeke

Kama hamkuoana, au mmeoana na hutaki kuvunja ndoa bali unataka amri ya malezi tu, Mahakama ya Watoto ndiyo njia fupi. Kisutu ndiyo inayojulikana zaidi. Mzazi, mlezi au ndugu anaweza kuomba malezi chini ya Sheria ya Mtoto, na suala la nani ni baba likiibuka linaamuliwa humo humo.

Kama ndoa imefika mwisho, kuna Kituo Jumuishi cha Temeke, chenye ngazi zote kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu kwa mashauri ya ndoa na mirathi. Faida yake ni kwamba talaka, mali, matunzo na malezi vinakwenda pamoja. Hasara ni muda, kwa sababu kwa kawaida lazima mpitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, iwe la kata au la dini. Ukiwa na mtoto ambaye keshapanda ndege, sioni sababu ya kusubiri baraza. Fungua la malezi kwanza, la talaka litakuja.

Akina baba mara nyingi huniuliza kuhusu "sheria ya miaka saba." Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kwamba ni vema akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na sheria hiyohiyo inataka hakimu azingatie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Mama aliyemwondoa mtoto shuleni katikati ya muhula bila kumwambia mtu kakupa hoja mkononi.

Kesi huku, au kesi huko?

Jibu langu ni zote mbili, lakini huku kwanza. Uzito wa amri ya Dar unategemea nchi aliko mtoto, na tofauti ni kubwa.

Marekani ni mahali ambapo amri yetu inaweza kuwa na nguvu kweli, jambo ambalo hata mawakili wengi wa hapa hawalijui. Karibu majimbo yote, isipokuwa Massachusetts, yana sheria moja ya malezi inayozitazama nchi za nje kama vile ni majimbo mengine ya Marekani. Wanauliza: mtoto aliishi wapi miezi 6 iliyotangulia kesi? Kama ni Tanzania, basi mahakama ya Tanzania ndiyo yenye mamlaka, na amri yake inasajiliwa na kutekelezwa kule. Hata mtoto akishaondoka, Dar inabaki "nyumbani" kwa miezi 6 mradi mmoja wenu bado anaishi hapa. Ukifungua kesi mwezi wa pili uko ndani. Ukisubiri mwaka ukitegemea atarudi mwenyewe, mwenzio atakuwa kafungua yake Texas, na Texas sasa ndiyo nyumbani kwa mtoto.

Sharti lao jingine ni kwamba mwenzio awe amepewa taarifa na nafasi ya kujibu. Amri ya upande mmoja, iliyotolewa bila yeye kujua, wataikataa. Kwa hiyo zuio la dharura lisikulevye; hakikisha wito unamfikia kwa njia ambayo mahakama imeikubali, na uthibitisho wa kumfikia uingie kwenye jalada.

Uingereza ni kinyume chake. Mwaka 2005, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya huko, lilikuwa na kesi ya mtoto ambaye baba yake alitaka arudishwe Saudi Arabia, nchi ambayo nayo haikuwa kwenye mkataba. Malodi walisema kwa nchi zisizo wanachama hakuna kurudisha mtoto kwa kanuni za Hague. Kinachoangaliwa ni ustawi wa mtoto huyu. Hakimu anaweza bado kuamuru arudi haraka bila kesi ndefu, na hutokea, lakini ni kwa kushawishiwa. Amri ya Kisutu itakuwa ushahidi mzito tu, haitasajiliwa itekelezwe. Chungu zaidi ni pesa. Mzazi wa nchi ya Hague anayemfuata mtoto Uingereza hulipiwa wakili na serikali ya Uingereza bila kuulizwa kipato. Mzazi wa Tanzania hana uhakika huo. Atapimwa kipato chake, au alipe kwa pauni. Kuna shirika liitwalo Reunite, lenye makao Leicester, linalotoa ushauri kwa simu kwa wazazi wa aina hii na kuwaelekeza kwa mawakili wenye uzoefu. Anza nao kabla hujamlipa mtu yeyote London.

Kenya ni rahisi kuliko inavyoonekana. Hakuna mkataba, lakini kuna mahakama za watoto, Sheria ya Watoto ya 2022, namba 116 ileile, na wakili wa Nairobi anasoma hukumu ya Dar bila mkalimani. Nauli ya basi inatosha kufika. Ningemwambia mzazi ambaye mtoto wake kapelekwa Kenya asipoteze hata wiki moja kwenye Interpol.

Kwa Ghuba sina maneno matamu. Oman na Falme za Kiarabu wanaamua kwa sheria zao za familia, na karatasi za kwetu zinahitaji kutafsiriwa Kiarabu na kuthibitishwa na Mambo ya Nje kabla hazijaguswa. Huko suluhu ya ukoo mara nyingi hufika kabla ya mahakama.

Wakili wa kulipa au msaada wa kisheria

Kwa upande wa Dar wa kesi, wengi hawahitaji wakili wa bei mbaya. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa 1989, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wanasaidia kina mama na watoto; LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanapokea hata kina baba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko mitaani, na hao watakuandalia maelezo na kukuongoza, ila hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani.

Hela zako zitunze kwa ajili ya wakili wa kule aliko mtoto. Huko ndiko ujuzi unaponunuliwa.

Ukiamua kulipa hapa, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wananusa mzazi aliyechanganyikiwa kutoka mbali, na mmoja akikuambia "nina mtu wangu Uhamiaji, mtoto atarudi wiki hii," mshukuru kwa muda wake.

Ubalozi

Fupi tu. Ubalozi wa Tanzania kule aliko mtoto unaweza kuomba kumtembelea mtoto kama ni raia wetu, kuandika barua, na kumpa mtoto hati ya safari wakati wa kurudi. Balozi za nje zilizopo Dar hufanya hivyohivyo kwa watoto wa nchi zao, na hutoa orodha ya mawakili. Hakuna ubalozi unaomchukua mtoto, unaolipa wakili, wala unaoingia kwenye nyumba ya mtu. Kwa mtoto mwenye uraia wa Marekani, omba aingizwe kwenye mpango wao wa tahadhari ya pasipoti za watoto, ili ukiombwa mpya ujulishwe. Si lazima mzazi awe raia wao.

Wazee, au "wakombozi"

Shangazi, mshenga, shehe, mchungaji: watumie, hasa mwezi wa kwanza, wakati mwenzio bado anapokea simu za mama yake. Ila wanachokubaliana kisiishie kwenye WhatsApp. Kiandikwe kuwa hati ya suluhu na kisajiliwe mahakamani hapa, na ikiwezekana amri yenye maneno yaleyale itolewe na mahakama ya kule, ili atakayevunja avunje amri ya nchi anayoishi. Kwa mazungumzo yanayovuka mipaka lipo pia shirika la International Social Service la Geneva, linalofanya kazi hii tangu 1924 kupitia maofisa ustawi wa nchi mbalimbali.

Kuna kampuni za nje zinazojitangaza kumrudisha mtoto kwa kumnyakua barabarani. Aprili 2016 mama mmoja wa Australia alijaribu hivyo Beirut, akiwa na watangazaji wa televisheni na kampuni ya namna hiyo. Watoto walichukuliwa mtaani, na muda si mrefu mama, watangazaji na wanyakuzi wote wakawa mahabusu. Watoto walibaki Lebanon. Huu ndio mlango nisioufungua, hata kwa aliyekata tamaa kabisa.

Na wewe uliye nje, mtoto akiwa kaletwa Dar

Kwako mambo yamegeuka. Amri uliyoipata Manchester au Hamburg haitekelezwi Kisutu kwa kuionyesha tu. Unafungua maombi yako ya malezi hapa, na ile amri inakuwa kielelezo. Usije kwanza kugonga geti la wakwe Mbezi. Tafuta wakili wa Dar ukiwa bado huko, mtumie nakala zilizothibitishwa za amri, cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na za daktari, na umwambie aombe mambo mawili kwa pamoja: zuio la mtoto kutolewa tena nchini, na ruhusa ya wewe kuzungumza naye kwa video kwa siku na saa zilizotajwa wakati kesi inaendelea. La pili wengi hulisahau. Kesi ikichukua mwaka, na mtoto ana miaka mitatu, hiyo simu ya video ndiyo itakayomfanya akufahamu siku mtakapoonana kwenye ofisi ya afisa ustawi.